Miaka sita ya ritani nilizozikimbia

Kampuni iliyonitoa mafichoni haikuwa na nia mbaya nami. Ilitaka kunipa kazi ya mwaka mzima ya kupiga picha za bidhaa zake, na mwishoni mwa orodha ya nyaraka ilizozihitaji, chini ya nakala ya kitambulisho na namba ya akaunti ya benki, palikuwa na mstari mmoja ulioomba hati ya kutodaiwa kodi. Niliusoma mstari huo mara tatu, nikafunga kompyuta, nikatoka kwenda kutembea bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa nimesajiliwa kuwa mlipakodi tangu siku nilipoanza kupiga picha kwa kujitegemea, na kwa miaka 6 iliyofuata sikuwa nimewasilisha hata ritani moja, yaani lile tamko la mapato na kodi ya mwaka.

Ningependa kusema kwamba sikuujua wajibu wangu, lakini niliujua vizuri. Mwaka wa kwanza nilichelewa kwa sababu risiti zangu hazikuwa zimepangwa. Mwaka wa pili niliona aibu kuwasilisha ritani ya mwaka huo ilhali ya mwaka uliotangulia haijawasilishwa, na kuanzia mwaka wa tatu sikuhitaji tena sababu. Barua pepe kutoka mamlaka ya kodi nilikuwa nimezitengea folda yake, zikiingia zinakwenda humo moja kwa moja ili zisinikute asubuhi nikiwa bado kitandani. Folda hiyo niliipa jina la "Baadaye".

Hofu yangu haikuwa na kipimo kwa sababu sikuwa na tarakimu ya kuipimia. Nilikuwa nimesoma habari za Al Capone, yule kiongozi wa genge la Chicago ambaye hakuwahi kutiwa hatiani kwa mauaji yaliyohusishwa na watu wake, lakini mwaka 1931 akahukumiwa kifungo cha miaka 11 kwa makosa ya kodi, na kila nilipoikumbuka folda ile nilimkumbuka na yeye. Ni kichekesho mpiga picha wa harusi na wa vikombe vya kauri kujilinganisha na jambazi la kiwango kile, ila usiku wa manane mtu hachagui mifano.

Mhasibu wa kwanza nilimpata kwa haraka, na kwa haraka ileile nilimpoteza. Nilielekezwa kwake na mtu niliyefahamiana naye kazini, ambaye alimsifu kwa neno moja tu, kwamba "anamaliza". Alizungumza nami kwa simu kwa muda usiozidi dakika 10. Hakuuliza ninafanya kazi gani, ninalipwa kwa njia ipi, wala kama nina nyaraka; aliniomba namba yangu ya mlipakodi, nenosiri langu la kuingilia kwenye mfumo, na nusu ya malipo yake. Nilimpa vyote vitatu. Siku ya tatu alinitumia stakabadhi mbili za mfumo zilizoonyesha kwamba ritani za miaka miwili ya kwanza zimepokelewa, na usiku huo nililala usingizi ambao sikuwa nimeuonja kwa muda mrefu.

Jambo ambalo kwa miezi kadhaa sikumwambia mtu yeyote ni kwamba stakabadhi hizo nilizisoma. Kwenye mstari wa mapato, kwa miaka yote miwili, palikuwa na sifuri. Niliiona sifuri hiyo, nikajua kuwa si kweli, na nikajiambia kwamba mtaalamu ana njia zake. Alipodai nusu ya pili ya malipo kabla ya kuendelea na miaka iliyobaki nilimtumia kiasi, na baada ya hapo simu yake iliita bila kupokewa. Leo ninashukuru kwamba alitoweka mapema, kwa maana angekuwa mwaminifu kwa mtindo wake wa kazi angenijazia sifuri sita.

Mhasibu wa pili aliletwa na dada yangu, ambaye nilimweleza habari hii baada ya kuishiwa na uongo wa kumweleza. Alikuwa mama wa makamo aliyezoea kufanya kazi na watu wenye biashara ndogondogo. Safari hii, kabla ya kumtembelea, nilitafuta jina lake kwenye orodha ya wahasibu waliosajiliwa na bodi ya taaluma yao, nikalikuta, na nilipofika kwake nikamweleza kwamba nimefanya hivyo, nikidhani angekasirika. Alisema tu, "Umefanya vizuri, mwanangu. Ungefanya hivyo na yule wa kwanza, leo tusingekuwa hapa."

Saa nzima ya kwanza hakugusa kikokotoo. Aliuliza maswali. Nina akaunti ngapi za benki, zikiwemo zile nilizoacha kuzitumia? Wateja wananilipa kwa benki, kwa simu au mkononi? Kuna wateja wanaonikata kodi ya zuio, ile sehemu ya malipo ambayo mteja huipeleka mwenyewe kwa mamlaka, kabla ya kunilipa, na kama wapo, wamewahi kunipa vyeti vya makato hayo? Nimewahi kumwajiri mtu, hata msaidizi wa siku moja wa kushika taa? Nimenunua kitu gani cha kazi kinachodumu zaidi ya mwaka mmoja? Kuna ndugu aliyewahi kunitumia fedha ambazo si malipo ya kazi? Kuna mwaka ambao sikufanya kazi kabisa? Kila swali lilifungua chumba ambacho sikujua kwamba kipo katika nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa nimekwenda kumwajiri mtu wa kunisemea mbele ya mamlaka, nikamkuta mtu ambaye kwanza alitaka niseme mimi.

Kisha akauliza kama nimepokea barua yoyote. Nikamwambia kuhusu folda. Akanigeuzia kompyuta na kuniomba niifungue palepale, mbele yake, na ninakumbuka kwamba kidole changu kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Zilikuwa barua 41. Alizipitia moja baada ya nyingine kwa kasi ya mtu anayechambua mchele, na nyingi zilikuwa ukumbusho wa aina moja uliotumwa kila mwaka kwa maneno yaleyale. Barua zenye uzito zilikuwa tatu tu: mbili za makadirio ya kodi, na moja ya adhabu ya kuchelewa.

Hizo za makadirio ndizo zilizonifundisha jinsi ukimya unavyosomwa na upande wa pili. Mlipakodi asipowasilisha ritani, mamlaka katika nchi nyingi hazikai kumsubiri; sheria huziruhusu kukadiria kodi yake kwa kutumia taarifa zilizopo, na makadirio hayo hugeuka kuwa deni linalodaiwa mpaka yatakapobadilishwa. Kwa miaka yangu miwili, mamlaka ilitumia malipo yaliyoripotiwa na wateja walionikata kodi ya zuio, ikayahesabu yote kuwa faida, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba nilisafiri, nilikodi taa, nilichapisha picha na kumlipa msaidizi. Gharama zangu hazikuwepo kwa kuwa sikuwa nimezitaja. Mama yule alinionyesha tarehe iliyokuwa chini ya kila barua na kunieleza kuwa pingamizi lina muda wake. Muda wa barua ya kwanza ulikuwa umepita zamani na ingebidi kuomba ruhusa ya kuwasilisha nje ya muda, lakini wa barua ya pili ulikuwa umebakiza siku 9. Siku 9, ndani ya folda yenye jina la "Baadaye".

Alipoingia kwenye akaunti yangu ya kodi akakuta zile sifuri mbili. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama ndiyo yaliyokuwa mapato yangu ya miaka hiyo, nami nikaanza kumweleza habari za mhasibu wa kwanza, jinsi alivyokuwa na haraka na jinsi alivyotoweka, mpaka aliponikatiza. "Kuchelewa ni kunyamaza," alisema. "Hii ni kusema, na aliyesema ni wewe, kwa sababu aliingia kwa nenosiri lako." Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimenunua. Nilikuwa na kosa la mtu mzembe, nikalipa fedha ili liwe kosa la mtu mwongo. Habari za Al Capone nilimtajia siku hiyohiyo, kwa mzaha wa woga, naye akanieleza kwa utulivu kwamba sheria za kodi mahali pengi hutenganisha aliyechelewa na aliyekusudia kuficha, kwamba aliyejitokeza mwenyewe kabla ya kufuatwa kwa kawaida hutendewa kwa wepesi zaidi kuliko aliyekutwa, na kwamba ritani yenye makosa hurekebishwa kwa ritani ya marekebisho, ambayo ni bora iwasilishwe kabla mtu mwingine hajaligundua kosa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuzifuta zile sifuri.

Kabla ya kuanza alinipa barua ya makubaliano ya kurasa mbili. Ilitaja miaka atakayoishughulikia, kazi zilizo ndani ya malipo na zilizo nje yake, tarehe ambazo mimi nilipaswa kuwa nimeleta nyaraka, na malipo ya kila hatua, ambayo hayakutegemea kodi itapungua kwa kiasi gani. Hilo la mwisho lilinishangaza, kwa kuwa nilidhani mhasibu anayelipwa asilimia ya kodi aliyoiokoa ndiye mwenye bidii. Alisema kwamba mtu anayelipwa hivyo ana sababu ya kutamani tarakimu fulani itokee, na yeye hakutaka kuwa na sababu hiyo. Barua ilisema pia kwamba atatayarisha ritani kwa taarifa nitakazompa, na kwamba ukweli wa taarifa hizo ni dhamana yangu. Nenosiri langu alilikataa. Aliniagiza nilibadilishe usiku huo, kisha nimwidhinishe kwenye mfumo kuwa mwakilishi wangu ili aingie kwa jina lake na kila alichofanya kionekane kwamba amekifanya yeye.

Nyaraka ndizo zilizochukua muda, na hapa ninaomba msomaji anivumilie kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda. Nilimwambia mama yule kwamba sina kumbukumbu zozote. Akaniambia nilete nilichonacho. Taarifa za benki za miaka 6 zilipatikana kwa kuziomba, ingawa akaunti moja niliyoifunga ilihitaji barua na subira. Risiti nilizikuta kwenye mfuko wa pembeni wa begi la kamera, zimegandamana kama karata zilizolowa, katikati yake kifuko kidogo cha chembechembe za kunyonya unyevu ambacho kilipasuka siku nyingi zilizopita. Zile zilizochapishwa kwenye karatasi ya joto zilikuwa zimefifia mpaka kuwa nyeupe. Niliinua moja kuielekeza dirishani, nikaipindua huku na huku, na kitu pekee kilichosomeka kilikuwa herufi mbili za mwisho za neno "jumla".

Ilikuwa ni katika kukata tamaa huko ndipo aliponiuliza, kwa namna ya mtu anayeuliza jambo dogo, kama picha nilizopiga ninazo bado. Ninazo zote, nikamjibu. Mpiga picha hafuti. Akauliza kama zina tarehe. Nilimtazama, naye akanitazama. Kila picha ya dijitali hubeba ndani ya faili lake tarehe na saa ambayo kitufe kilibonyezwa, na mimi niliyekuwa nikisema kwamba sina daftari la kazi nilikuwa na daftari lililojiandika lenyewe kila siku niliyofanya kazi kwa miaka 6, kwa usahihi wa sekunde. Kwa wiki mbili nilikaa kila jioni nikitengeneza jedwali: tarehe, mteja, mahali, idadi ya picha. Kisha tuliliweka kando ya taarifa za benki, na fedha zilizoingia, ambazo awali zilikuwa tarakimu zisizo na majina, zikaanza kupata wenyewe. Malipo yaliyoingia siku 30 baada ya picha za kiwanda fulani yalikuwa ya kiwanda hicho. Mafuta yaliyonunuliwa kwa kadi mbali na nyumbani yaliangukia siku ileile ya harusi iliyopigwa huko. Jedwali halikuchukua nafasi ya risiti, na mama yule aliacha kudai gharama ambazo hazikuwa na ushahidi mwingine wowote, lakini lilitupa kitu cha kuegemeza maelezo.

Sherehe moja ilitupoteza kwa siku mbili. Kwa mujibu wa faili zake, picha zaidi ya 400 zilipigwa miaka kadhaa kabla sijaanza kazi, kuanzia saa sita usiku ya tarehe 1 Januari, ilhali zote zina jua la mchana na watu waliovaa miwani ya giza. Mama yule aliuliza, bila kutabasamu, kama huo nao ni mwaka tunaopaswa kuutolea ritani. Kumbe kamera yangu ya pili ilikaa bila betri kwa muda mrefu, saa yake ikarudi ilikoanzia kiwandani, nami niliitumia siku nzima bila kuirekebisha. Mwaka halisi tuliupata kutokana na kadi ya mwaliko iliyoonekana mezani katika picha mojawapo.

Taarifa za benki nazo zilikuwa na mitego ambayo peke yangu ningenaswa nayo. Fedha nilizohamisha kutoka akaunti yangu moja kwenda nyingine zilionekana kama mapato, na zilionekana mara mbili. Dada yangu alinikopesha kiasi kikubwa mwaka wa nne, kikaingia siku moja na kukaa kwenye mstari wake kama malipo ya mteja mnono. Mkopo si mapato, lakini mkopo wa ndugu usio na hata mstari mmoja wa maandishi hauna cha kuutofautisha na malipo. Tuliutetea kwa ujumbe wa simu wa siku ile na kwa marejesho niliyoyafanya kidogokidogo. Kamera na lenzi nazo sikuruhusiwa kuzihesabu zote kuwa gharama ya mwaka nilizozinunua, kama nilivyokuwa nimezoea kuamini. Ziliingizwa kuwa mali, zikapunguziwa thamani mwaka baada ya mwaka kwa viwango vya uchakavu. Simu na gari vilikatwa vipande, cha kazi na cha nyumbani. Suti niliyoishonesha ili nipige picha za harusi ilikataliwa papo hapo, kwa kuwa ni vazi ambalo mtu anaweza kulivaa popote. Nilibishana naye kuhusu suti hiyo kuliko nilivyobishana kuhusu jambo lolote jingine, na bado ninaona kwamba nilionewa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulileta mezani. Katika mwaka wa tano nilifanya kazi ya miezi miwili iliyolipwa yote mkononi, haikupita benki, haikuwa na ankara, na aliyenilipa alishafunga shughuli zake. Picha zake nilizitoa kwenye jedwali kabla ya kulipeleka. Wiki ya kwanza nilijiambia kwamba hakuna atakayejua. Wiki ya pili nilianza kukwepa simu za mama yule, na hapo nikaitambua tabia yangu ya zamani ikirudi kukaa kwenye kiti chake. Nilimwendea nikamwambia. Hakunisifu wala hakunilaumu. Alisema, "Usingeniambia nisingejua, na ritani ningeitengeneza. Ila tamko la chini ni la kwako, mwanangu, mimi sina cha kulisainia." Aliongeza mstari kwenye jedwali, akauliza kama kulikuwa na gharama za kazi hiyo, tukazikuta baadhi, na katika dakika 20 jambo lililoninyima usingizi kwa wiki mbili lilikuwa limekwisha.

Ritani tuliziwasilisha kwa mpangilio wa miaka, wa zamani kwanza, tukianza na marekebisho ya zile sifuri. Nilitaka tuanze na mwaka wa karibuni kwa sababu ndio ulioombwa na mteja, lakini thamani ya kamera mwishoni mwa mwaka mmoja ndiyo inayoanza mwaka unaofuata, na hasara ya mwaka wa kwanza, pale sheria inaporuhusu, hubebwa kwenda mbele. Ukianzia juu, kila ritani ya chini utakayoiwasilisha baadaye itaibomoa ile ya juu yake.

Mwaka wa tatu sikuwa nimefanya kazi hata siku moja, kwani nilivunjika mguu na kukaa nyumbani, na nilikuwa na hakika kwamba mwaka usio na mapato hauna ritani. Haikuwa hivyo. Aliyesajiliwa anatakiwa kuwasilisha hata kama hana cha kutangaza, mpaka atakapotoa taarifa kwamba amesimamisha shughuli, na adhabu ya kutowasilisha haikujali kwamba kodi yenyewe ni sifuri. Hiyo ilikuwa sifuri yangu ya kweli, na ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeiandika.

Mwaka wa pili nao ulinipa uchungu wa aina nyingine. Wateja wangu wakubwa walinikata kodi ya zuio nyingi kiasi kwamba, baada ya gharama kutolewa, ilionekana nililipa zaidi ya nilichodaiwa. Nilifurahi kwa takriban nusu dakika. Dai la kurejeshewa kodi iliyozidi lina kikomo chake cha muda, na kikomo cha mwaka huo kilikuwa kimepita miezi michache kabla sijagonga mlango wa mama yule. Mamlaka niliyokuwa nikiikimbia ilikuwa na fedha zangu, na kwa kuikimbia niliiachia.

Hesabu ya mwisho ilipokamilika, kodi yenyewe ya miaka yote ilikuwa chini ya nusu ya makadirio ya mamlaka kwa miaka miwili tu. Lakini adhabu na riba, zikijumlishwa, zilikaribia kuilingana. Nilijifunza kuzitenganisha: adhabu ya kuchelewa kuwasilisha hutokana na karatasi, riba hutokana na fedha, na mtu asiye na fedha ya kulipa hapati nafuu yoyote kwa kuchelewesha karatasi pia. Siku ileile tulipowasilisha nililipa nilichokuwa nacho, ili riba iendelee kuhesabiwa juu ya kiasi kidogo zaidi, na kwa kilichobaki tukaomba kulipa kwa awamu.

Barua ya kuomba kusamehewa adhabu niliiandika mimi, naye akaipitia kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimejaza majuto, mazingira magumu na ahadi. Aliyafuta karibu yote, akaniomba tarehe: nilivunjika mguu lini, nilitoka hospitali lini, nilianza tena kazi lini, karatasi za matibabu ziko wapi. Barua iliyokwenda ilikuwa na aya tatu fupi. Adhabu ya mwaka wa mguu iliondolewa, za miaka mingine zilipunguzwa kidogo, riba haikuguswa. Pingamizi la makadirio ya pili lilikubaliwa kwa ritani iliyowasilishwa, na la kwanza lilichukua miezi mingi ya barua ambazo sitamchosha msomaji kwa kuzieleza.

Kazi ya mwaka mzima ilikwenda kwa mpiga picha mwingine, maana kampuni haikuweza kusubiri. Hati ilitoka baadaye, baada ya mpango wa awamu kukubaliwa na awamu mbili za mwanzo kulipwa, na kampuni hiyohiyo ikanipa kazi ya siku nne.

Awamu zimebaki tatu. Ritani ya mwaka huu niliitengeneza mwenyewe, mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho, nikampelekea mama yule aikague tu kwa malipo ya kazi ya saa moja. Aliirudisha siku ya pili ikiwa na alama moja ya kuuliza kando ya kiasi kilichoingia benki mwezi wa nne, na maandishi madogo: "Hii ni nini?" Ilikuwa fedha ya dada yangu tena, amenitumia nimnunulie tiketi. Nilitafuta ujumbe wake kwenye simu, nikaupiga picha, nikauambatisha.